Magari ya Italia Yaliyopuuzwa: Jina Lilibaki, Mikono Ikahama

Agosti 2018, mnadani Monterey, California, Ferrari 250 GTO moja iliuzwa kwa dola milioni 48.4. Novemba 2023 nyingine ikaenda kwa dola milioni 51.7 mjini New York. GTO zilitengenezwa 36 tu, na mhandisi aliyeongoza kazi ya kuibuni alikuwa Giotto Bizzarrini, mtu wa Livorno, pwani ya Toscana, aliyeondoka Ferrari kabla kazi haijakamilika.

Mtu huyo hakuacha kuunda magari. Mwaka 1963, kwenye maonyesho ya Torino, chasisi yake nyingine ilisimama mbele ya watu, safari hii ikiwa imebeba jina la Iso Grifo. Toleo lake la mbio, A3/C, lilikwenda kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1964, likakimbia saa 24 na kumaliza la 14. Mwaka 1965 likarudi, likamaliza la 9 kwa jumla na kushinda daraja la injini zinazozidi lita 5. Hata hivyo, ukitaja Iso mbele ya mtu anayependa magari kwa kawaida tu, huenda ukalazimika kuanza kueleza tangu mwanzo: kwamba palikuwa na kampuni yenye jina hilo, kwamba ilikuwa Bresso karibu na Milano, kwamba mwenyewe, Renzo Rivolta, alianza na majokofu na vifaa vya kupasha joto, akaja kwenye skuta na pikipiki, kisha akatoa kile kigari cha Isetta ambacho BMW ilianza kukiunda kwa leseni mwaka 1955.

Mhandisi ni yule yule, nchi ni ile ile, na muda uliopita kati ya kazi hizi mbili haufiki miaka mitatu. Gari la kwanza linauzwa kwa fedha za kujengea hospitali, la pili linahitaji utangulizi. Wengi huifupisha sababu kwa kusema kwamba Ferrari ilishinda zaidi. Ni kweli, lakini haitoshi. Kinachovutia katika magari haya adimu ya Italia ni kwamba jina lilikwenda njia moja na mikono iliyoyaunda ikaenda nyingine, mara nyingi kwa sababu ya ugomvi, na soko likaamua kulifuata jina. Anayefuata mikono hufika mahali pengine kabisa.

Karakana zilizowezesha yote haya

Kwanza tuelewe jinsi gari la spoti la Italia lilivyokuwa likitengenezwa kati ya mwaka 1945 na 1975. Anayeishi Nairobi ana mfano karibu yake: matatu kubwa. Chasisi na injini hutoka Isuzu, bodi hujengwa na karakana ya hapa hapa, na kila karakana ina mkono wake unaotambulika barabarani. Torino, Milano na Modena ziliishi hivyo. Fiat ilitoa injini na ekseli za bei nafuu. Kabureta zilitoka Weber, Bologna. Magurudumu ya spoku yalitoka Borrani, Milano. Bodi ilipelekwa kwa wachonga bati, ambao Waitalia huwaita carrozzeria: Zagato, Touring, Vignale, Ghia, Bertone, Pininfarina, na wengine wengi ambao majina yao yamefifia. Wao walipiga bati la alumini kwa nyundo juu ya kiunzi cha mbao, kipande kwa kipande.

Kwa mfumo huo, mtu mwenye wazo zuri na mtaji mdogo aliweza kuwa mtengenezaji wa magari. Mashindano nayo yalimpa sababu. Mille Miglia, mbio za barabarani za takriban maili 1,000 zilizoanza Brescia mwaka 1927 na kukoma baada ya ajali mbaya ya 1957, ziligawa magari kwa ukubwa wa injini. Hukuhitaji kumshinda Ferrari. Ulihitaji kushinda daraja la cc 750 au 1,100, na jina lako likaandikwa magazetini Jumatatu. Ndiyo maana zikazaliwa Stanguellini, Siata, Moretti, Bandini, Nardi, Cisitalia na nyingine nyingi. Cisitalia 202 iliyochongwa na Pinin Farina iliwekwa kwenye maonyesho ya Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1951, na jumba hilo sasa linamiliki moja. Injini yake asili yake ni Fiat ya cc 1,100.

Katika kundi hilo kampuni moja inaionyesha hoja yangu kuliko zote: OSCA. Ndugu wa Maserati, yaani Ettore, Ernesto na Bindo, waliiuza kampuni yao kwa familia ya Orsi mwaka 1937, kaka yao Alfieri akiwa ameshafariki mwaka 1932. Mkataba uliwataka wabaki kazini miaka kumi. Ilipotimia, mwaka 1947, wakatoka, wakarudi karibu na Bologna, kwenye mji mdogo wa San Lazzaro di Savena, wakaanza upya. Hawakuwa na haki ya kuyaita magari yao Maserati. Kwa hiyo tangu mwaka 1947 gari lililotengenezwa na akina Maserati wenyewe ni OSCA, na gari lenye nembo ya Maserati limetengenezwa na watu wengine.

Nayo haikuwa kazi ya wazee waliostaafu. Mwaka 1954, kwenye saa 12 za Sebring, Florida, OSCA ndogo ya MT4 yenye injini ya lita 1.5 iliyoendeshwa na Stirling Moss na Bill Lloyd ilishinda mbio zote, siyo daraja lake peke yake. Lancia ilikuwa imeleta timu kamili yenye injini kubwa zaidi ya mara mbili, na mengi ya magari yake yakaharibika moja baada ya jingine. OSCA iliendelea kuzunguka hata breki zilipokuwa zimekwisha. Ndugu hao waliiuza kampuni kwa MV Agusta mwaka 1963, na miaka michache baadaye ikafungwa.

Ugomvi wa 1961

Fundo kubwa zaidi lilifungwa Maranello, kilipo kiwanda cha Ferrari, mwishoni mwa 1961. Laura, mke wa Enzo Ferrari, alikuwa akiingilia kazi za kiwanda na za timu ya mbio. Wakuu kadhaa wa idara walilalamika, na Enzo akawaondoa wote pamoja. Miongoni mwao walikuwamo Carlo Chiti, mhandisi mkuu ambaye magari yake yalikuwa yametoka kushinda ubingwa wa dunia wa Formula One mwaka ule ule, Romolo Tavoni aliyekuwa meneja wa timu, Girolamo Gardini wa mauzo, na Bizzarrini. Kazi ya kuimalizia GTO akapewa kijana wa miaka 26, Mauro Forghieri. Historia ya Ferrari inaendelea kutoka hapo, na imesimuliwa vya kutosha. Mimi nataka kuwafuata waliotoka.

Walianzisha ATS, Automobili Turismo e Sport. Gari lao la barabarani, ATS 2500 GT la mwaka 1963, lilikuwa na injini ya V8 ya lita 2.5 iliyowekwa nyuma ya viti na mbele ya magurudumu ya nyuma. Wakati huo Ferrari yenyewe ilikuwa haijauza gari la barabarani lenye mpangilio huo, na Lamborghini Miura ilikuwa bado miaka mitatu. Bodi ilichorwa na Franco Scaglione. Yalitengenezwa machache sana, takriban darzeni moja. Upande wa Formula One waliwapata Phil Hill, bingwa wa dunia wa 1961, na Giancarlo Baghetti, lakini msimu wa 1963 ukawa aibu: gari halikuwa tayari, na fedha zikakatika. ATS ikafa kabla watu hawajajua walichokuwa wamekiona.

Bizzarrini aliachana nao mapema na kufungua ofisi yake Livorno. Mteja mmoja alikuwa Ferruccio Lamborghini, mtengenezaji wa matrekta aliyetaka injini ya V12. Bizzarrini akamchorea. Ilikuwa kali mno kwa gari la barabarani, na Gian Paolo Dallara, mhandisi wa Lamborghini, ndiye aliyeituliza, lakini mifupa yake ilibaki, na iliendelea kukuzwa na kubadilishwa katika magari ya Lamborghini hadi Murciélago ilipokoma mwaka 2010. Fikiria ni wangapi wanaoijua sauti ya injini hiyo bila kujua ilichorwa na nani.

Mteja mwingine alikuwa Renzo Rivolta, na hapa ndipo linapotoka gari ninalolipenda kuliko yote katika makala hii. Rivolta alitaka gari la safari ndefu lenye kasi ya Ferrari lakini lisilomfunga mwenyewe gereji. Aliona kwamba injini za V12 za wakati ule, zenye kabureta nyingi na valvu zinazohitaji kurekebishwa kila baada ya muda mfupi, zilikuwa mzigo kwa mtu anayetaka kutoka Milano kwenda Paris na kurudi. Akanunua Marekani injini ya Chevrolet Corvette, V8 ya lita 5.4. Bizzarrini akachora chasisi ya bati la chuma, yenye breki za diski kwenye magurudumu yote manne na ekseli ya nyuma aina ya De Dion, ambayo huyaweka magurudumu wima huku uzito wa difu ukibebwa na bodi. Bertone ikatoa umbo, na aliyeshika penseli huko alikuwa Giorgetto Giugiaro, kijana ambaye hajatimiza miaka 25. Gari la kwanza, Iso Rivolta IR 300 la viti vinne, lilitoka mwaka 1962. Mwaka uliofuata chasisi ikafupishwa, nayo ikawa Grifo.

Rivolta na Bizzarrini hawakuelewana kwa muda mrefu. Mmoja alitaka gari tulivu la kuuzia wafanyabiashara, mwingine alitaka kushinda Le Mans. Mwaka 1965 wakaachana. Bizzarrini akaendelea na toleo lake la mbio kwa jina lake mwenyewe, Bizzarrini 5300 GT, bodi ya alumini, injini ikiwa imerudishwa nyuma sana kiasi kwamba fundi hulifikia distribyuta kwa kufungua kifuniko kilicho juu ya dashibodi. Huo ndio mkono wake: katika GTO pia alihangaika kuishusha na kuirudisha injini nyuma ili uzito ukae katikati. Ukiyasimamisha magari hayo mawili pamoja na kuyatazama kwa ubavu, yenye pua ndefu, kibini kilichosogea nyuma na mkia uliokatwa, unaona fikra moja. Yalitengenezwa zaidi kidogo ya 130, na mwaka 1969 kampuni ikafilisika. Bizzarrini alifariki Mei 2023 akiwa na miaka 96.

Chiti naye? Alikwenda kuongoza Autodelta, idara iliyoendesha mbio za Alfa Romeo, na huko ndiko gari la mbio la Tipo 33 lilikokulia na injini yake ya V8. Asili ya injini hiyo ndiyo ikaingia kwenye gari la barabarani ambalo wengi hulipita bila kugeuka: Alfa Romeo Montreal.

Gari lililopewa jina na watazamaji

Mwaka 1967 waandaaji wa maonyesho ya dunia ya Expo 67, mjini Montreal, Kanada, waliiomba Alfa Romeo gari la kuonyesha ndoto ya mwendeshaji wa kisasa. Bertone ilijenga mawili meupe, yakichorwa na Marcello Gandini, yule yule wa Miura. Hayakuwa na jina. Watu wakayaita kwa jina la mji. Chini ya boneti mlikuwa na injini ndogo ya lita 1.6 tu, maana yalikuwa ya maonyesho. Toleo la kuuzwa lilipofika Geneva mwaka 1970, lilikuwa na V8 ya cc 2,593, nguvu za farasi 200, mafuta yakipulizwa na pampu ya SPICA badala ya kabureta, na oili ikikaa kwenye tangi la pembeni kama katika gari la mbio.

Chasisi ilikuwa ya Giulia ya kawaida, na huo ndio udhaifu wake wa kweli: nguvu ya injini ilizizidi springi. Wakosoaji wa wakati ule walilisema hilo, na walikuwa sahihi. Lakini bei ilishindana na magari yenye sifa kubwa zaidi, Alfa ilikuwa na nembo ya gari la daktari na la polisi, na vita ya Mashariki ya Kati ya Oktoba 1973 ikapandisha bei ya petroli. Tarehe 2 Desemba 1973 Italia ilianza Jumapili za marufuku ya magari binafsi. Nani angenunua V8 siku hizo? Lilitengenezwa hadi 1977, jumla kama 3,900, na halikuuzwa rasmi Kanada wala Marekani, licha ya jina lake.

Litazame taa zake za mbele, zilizofunikwa nusu na vipande vinavyoshuka taa zikiwashwa, na zile pumulio za kukatwa nyuma ya mlango. Sijaona gari jingine la bei hiyo lililothubutu hivyo.

Injini moja, nembo tatu

Kama kuna mtu haamini kwamba soko hulipia jina, Fiat Dino itamaliza ubishi.

Kanuni za Formula Two zilizoanza mwaka 1967 zilidai injini ya mbio itokane na injini ya gari lililotengenezwa angalau 500 ndani ya miezi kumi na miwili. Ferrari haikuwa na uwezo wa idadi hiyo. Wakapatana na Fiat: injini ya V6 ya Ferrari, iliyopewa jina la Dino, mwana wa Enzo aliyefariki mwaka 1956, ingetengenezwa kwa wingi na kuwekwa kwenye gari la Fiat. Hivyo ikazaliwa Fiat Dino, ya wazi ikichongwa na Pininfarina na kutoka mwaka 1966, ya paa ikichongwa na Bertone na kutoka mwaka 1967. Injini hiyo hiyo ikaingia Dino ya Ferrari yenyewe, 206 kisha 246. Halafu, katika ukubwa wa lita 2.4, ikaingia Lancia Stratos.

Stratos tunaifahamu huku kwetu. Kwenye Safari Rally ya 1975 Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, wote kwenye Stratos, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Mwaka mmoja kabla yake Munari alikuwa wa tatu kwa Lancia Fulvia, gari jingine dogo la Italia lisilopewa heshima yake. Mlio uliopita kwenye tope na vumbi la Kenya ulikuwa mlio wa injini ya Maranello, na Fiat Dino iliyoegeshwa Torino ilikuwa na mlio huo huo.

Sokoni lakini, Ferrari Dino na Stratos zilipanda, Fiat ikabaki chini kwa miongo. Matokeo yake yananiuma: Fiat Dino nyingi zilivunjwa ili injini zitolewe na kupewa Ferrari zilizoharibika au Stratos za kuiga. Gari zima, lenye kazi ya Bertone au Pininfarina, likageuzwa duka la spea kwa sababu ya herufi nne zilizo puani mwake.

Kwa nini soko liliyapita

Sababu ni kadhaa, na zinafaa kutenganishwa.

Injini ya Kimarekani ndiyo shtaka la zamani zaidi dhidi ya Iso, Bizzarrini na De Tomaso. Wakusanyaji walisema gari la Italia lenye moyo wa Chevrolet au Ford si la Italia kweli. Silikubali shtaka hilo. Alejandro de Tomaso, Mwajentina aliyehamia Modena, aliiweka Ford V8 nyuma ya viti vya Mangusta yake ya 1967, gari la Giugiaro lililotengenezwa 401 tu, akaliita kwa jina la nguchiro, mnyama anayeua swila, ili kumjibu Mmarekani Carroll Shelby na gari lake la Cobra. Mangusta ni gari gumu kuliendesha, uzito mwingi umekaa nyuma, lakini tatizo hilo halikutoka Detroit. Lilitoka kwenye chasisi iliyochorwa Modena. Na Grifo lilienda vizuri kwa sababu hiyo hiyo ambayo wengine walilidharau: injini ilikuwa na nguvu tele, ilikuwa tulivu, na fundi yeyote wa Marekani aliweza kuitengeneza.

Viti vya nyuma ni shtaka la pili, nalo halisemwi kwa sauti. Wanunuzi wanataka viti viwili. Maserati Kyalami ya 1976 iliangukia hapo, tena ikiwa na balaa ya kuzaliwa vibaya. Citroën, iliyokuwa imeinunua Maserati mwaka 1968, iliiweka kwenye ufilisi mwaka 1975. De Tomaso akaichukua kwa msaada wa shirika la serikali la GEPI, na kwa kuwa hakukuwa na fedha ya gari jipya, akachukua gari lake la Longchamp, Pietro Frua akalibadilisha sura, wakaweka V8 ya Maserati. Yalitoka kama 200. Wapenzi wa Maserati hawakulisamehe. Jina lake linatoka Afrika: uwanja wa Kyalami karibu na Johannesburg, ambako Januari 1967 Pedro Rodríguez alishinda Grand Prix kwa Cooper yenye injini ya Maserati, baada ya John Love wa Rhodesia, aliyekuwa akiongoza kwa gari kuukuu, kulazimika kuingia kuongeza mafuta mbio zikiwa karibu kuisha.

Kodi nayo ilichangia. Kwa muda mrefu serikali ya Italia iliyatoza magari yenye injini zaidi ya lita 2 kodi kubwa zaidi, iliyofika 38% ya thamani. Mwitalia mwenyewe, ambaye angepaswa kuwa mteja wa kwanza, aliadhibiwa kwa kununua. Ndiyo sababu kulikuwa na Lamborghini Urraco ya lita 2 na Maserati Merak ya lita 2, magari yaliyopunguzwa pumzi kwa ajili ya soko la nyumbani.

Sababu kubwa kuliko zote kwa maoni yangu ni kwamba kampuni ilipokufa, msimuliaji alikufa nayo. Ferrari ipo, ina jumba la makumbusho, inathibitisha magari yake ya kale kwa cheti, na kila ushindi mpya unaongeza thamani ya gari la 1962. Iso ilifungwa mwaka 1974, muda mfupi baada ya jina lake kuonekana kwenye Formula One kupitia timu ya Frank Williams. Hakuna aliyebaki kulipa gharama za kumbukumbu. Kazi hiyo wameifanya wamiliki wenyewe, kwa vilabu vyao, kwa kukusanya namba za chasisi, picha za zamani na bili za kiwanda.

Kulimiliki

Adimu haimaanishi ghali, na ghali haimaanishi adimu. Ferrari F40 zaidi ya 1,300 zilitengenezwa, na bei yake iko mbali juu ya Kyalami zilizotengenezwa 200. Uadimu huongeza bei pale tu ambapo watu wengi wanakitaka kitu kile kile.

Uadimu huo huo ndio unaomsumbua mmiliki. Kwenye Grifo, pistoni na pampu ya maji unaagiza Marekani na zinafika bila shida. Kioo cha mbele, taa za nyuma, au kipande cha kromu cha dirisha ni habari nyingine. Hapo unatafuta fundi wa kukichonga upya. Bodi zilipigwa kwa mkono, kwa hiyo mlango wa gari moja unaweza usikae sawa kwenye gari jingine la aina ile ile. Kwenye Montreal, pampu ya SPICA ikirekebishwa na anayeijua, gari linakwenda vizuri miaka mingi. Ikiguswa na asiyeijua, linakunywa petroli na kukohoa, naye anailaumu Alfa. Kutu ni ya wote. Chuma cha Italia cha miaka ya 1970 hakikukingwa vya kutosha, na gharama ya kukishughulikia huweza kuzidi bei ya gari.

Halafu kuna uhalali. Bizzarrini aliendelea kujenga magari kwa vipande vilivyobaki baada ya kufilisika, kwa hiyo hesabu ya ngapi ni za kweli hubishaniwa hadi leo. Kwa kuwa A3/C zimekuwa za bei kubwa, chasisi za IR 300 zimekatwa ili kutengenezea nakala zake. Mnunuzi anapaswa kuangalia namba za chasisi na injini, na kuwauliza watu wa klabu kabla ya kumuuliza muuzaji.

Miaka hii upepo umegeuka kiasi. Grifo na Bizzarrini 5300 GT hazipatikani tena kwa bei ya huruma, na Fiat Dino ya wazi imepanda. Majina nayo yamenunuliwa upya: kampuni mpya yenye jina la Bizzarrini imetangaza kujenga magari 24 ya 5300 GT kwa michoro ya zamani, na Zagato imetoa gari lenye jina la Iso Rivolta juu ya mitambo ya Corvette ya kisasa. Safari hii jina limerudi, mikono haipo.

Yanayobaki chini ni yale ya familia: IR 300 iliyotengenezwa karibu 800, Lele iliyoifuata mwaka 1969, Fidia ya milango minne, Fiat Dino ya paa, Kyalami. Yangekuwa yangu kuamua, ningeanza na IR 300. Ina chasisi ya mtu aliyeongoza kazi ya GTO, umbo la Giugiaro, injini inayowaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa, na nafasi ya watoto wawili nyuma. Rivolta aliijenga iendeshwe, na zilizosalimika bado zinaweza.